Mtu Mzima ni Nani? Istilahi za Katuni za Kikorea na Tatizo la Uainishaji

Neno manhwa, ambalo Wakorea hulitumia kuitaja sanaa ya katuni, limeundwa kwa herufi mbili za Kichina. Ya kwanza hudokeza jambo lisilofungwa na kanuni. Ya pili ni picha. Herufi hizo hizo husomwa manga huko Japani na manhua huko China. Hivyo basi, anayedai kuwa manhwa ni utanzu wa pekee kwa kuwa una jina la pekee, ameijenga hoja yake juu ya matamshi. Upekee wa katuni za Kikorea upo, lakini hauna budi kutafutwa katika historia yake.

Historia hiyo haikuanza na watoto. Mwaka 1909 Lee Do-yeong alianza kuchora katuni katika gazeti la Daehan Minbo, mwaka mmoja tu kabla ya Japani kuitwaa Korea kuwa koloni. Waliolengwa walikuwa wasomaji wa magazeti, watu waliokuwa wakiiona nchi yao ikiwaponyoka. Baadaye, mwaka 1958, Kim Seong-hwan, mwandishi wa katuni ya Mzee Gobau, alitozwa faini kwa mchoro uliodokeza kwamba hata mzoa kinyesi alikuwa na madaraka makubwa maadamu alifanya kazi katika makao ya rais. Si rahisi kuamini kwamba watawala hao walitishwa na burudani ya watoto.

Hata hivyo, istilahi zilizokuja kuzoeleka hazikuutilia maanani ukweli huu. Uainishaji wa kimapokeo unataja sonyeon manhwa, yaani katuni za wavulana; sunjeong manhwa, katuni za hisia safi, ambazo kimsingi zilihusishwa na wasichana; myeongnang manhwa, katuni za uchangamfu; cheongnyeon manhwa, za vijana waliokwisha kubaleghe; na seongin manhwa, za watu wazima. Mhakiki atagundua mara moja kwamba orodha hii haina kigezo kimoja. Aina ya kwanza imepangwa kwa jinsia na umri, ya pili kwa hisia, ya tatu kwa hali ya moyo, na mbili za mwisho kwa umri peke yake. Je, mwanamke wa miaka arobaini aliyekua akisoma sunjeong na bado anaisoma awekwe wapi? Orodha haimjui. Inamjua tu msichana aliyekuwa zamani.

Istilahi inayohitaji kuchunguzwa zaidi ni seongin. Maana yake ya msingi ni mtu aliyekamilika. Hapa msomaji wa Kiswahili hana haja ya kwenda mbali, kwani naye humwita mtu wa aina hiyo mtu mzima: asiyepungua, aliye kamili. Katika lugha zote mbili, neno lenyewe linasifu. Linazungumzia utimilifu wa akili na wajibu, wala halitaji tendo lolote la faragha. Ni katika maana hii pana ndipo yafaa kusomwa kazi ya Go Woo-young, ambaye mwaka 1972 alianza kuchapisha hadithi ya jambazi Im Kkeok-jeong katika gazeti la Ilgan Sports. Kazi zake zilidai msomaji anayejua kejeli, anayeweza kusoma habari za karne zilizopita huku akisikia mwangwi wa siku zake mwenyewe. Masimulizi yake ya Falme Tatu, yaliyoanza kutolewa mwaka 1978, yalikatwakatwa na wadhibiti yalipotolewa kitabuni, na toleo lisilokatwa lilipatikana mwaka 2002. Ilimpasa msomaji aliyekuwa mtu mzima mwaka 1978 kungoja hadi anakaribia uzee ndipo aaminiwe kuwa mtu mzima.

Kadiri miaka ilivyopita, neno lilisinyaa. Sheria ya Kuwalinda Vijana ya mwaka 1997 iliimarisha mpaka wa umri, ambao baadaye uliwekwa katika miaka 19, na vitabu vilivyoonekana havifai vikapigwa alama ya namba hiyo. Katika mazungumzo ya kila siku namba yenyewe ikageuka kivumishi: kusema kwamba jambo ni la kumi na tisa ni kusema kwamba lina ngono. Namba iliyokusudiwa kumweleza msomaji ikawa inaieleza kazi.

Athari za mabadiliko haya hazikuishia katika msamiati. Lee Hyun-se, mmoja wa wachoraji mashuhuri kabisa wa Korea, alishtakiwa kwa ajili ya Cheonguk-ui Sinhwa, kazi iliyosimulia upya visasili vya mwanzo wa ulimwengu na wa watu wa Korea. Wanadamu wa kale walichorwa uchi. Mwaka 2000 alipatikana na hatia na kutozwa faini. Mwaka 2001 akaachiliwa katika rufani. Na mwaka 2003 Mahakama Kuu Zaidi ikathibitisha kwamba hana hatia. Katikati ya safari hiyo, mwaka 2002, Mahakama ya Katiba iliamua kwamba kifungu cha sheria kilichokataza katuni mbaya kwa watoto kilikuwa kinyume cha katiba, kwa kuwa maelezo ya ubaya huo yalikuwa na utata mno. Uamuzi huo, kwa hakika, ni uhakiki wa istilahi. Majaji walifanya kazi ambayo wahakiki walipaswa kuitangulia: waliuliza neno lina maana gani kabla halijatumiwa kumwadhibu mtu.

Katuni zilipohamia kwenye intaneti, kupitia Daum mwaka 2003 na Naver mwaka 2004, uainishaji ulizidi kuwa wa tarakimu: kazi za wote, za kuanzia miaka 12, za miaka 15 na za miaka 18. Mpango huu una manufaa yake, na Mgala muue na haki yake mpe: mzazi huhitaji onyo. Lakini onyo si utanzu. Chukua Misaeng ya Yoon Tae-ho, iliyoanza mwaka 2012. Mhusika wake mkuu, Jang Geu-rae, ameshindwa kuwa mchezaji wa kulipwa wa baduk, naye anaingia katika kampuni ya biashara bila shahada wala mkataba wa kudumu. Hamna cha kufichwa mtoto, lakini uchungu wake hautambuliki kikamilifu ila na aliyewahi kuogopa kufutwa kazi. Jina lenyewe ni istilahi ya mchezo huo: kete ambazo bado hazijahakikishiwa uhai. Kwa Kiswahili mtu angesema bado si nzima, na neno hilo lingebeba uhai na ukamilifu kwa pamoja.

Kwa upande mwingine ipo Pul ya Keum Suk Gendry-Kim, iliyotolewa mwaka 2017, inayosimulia maisha ya Lee Ok-seon, aliyefanywa mtumwa wa ngono wa jeshi la Japani. Maudhui ni mazito kuliko ya kazi nyingi zenye alama ya 19, ila panapotokea ukatili mchoraji hutia weusi kwenye paneli na kumwacha msomaji gizani. Ng'ambo kazi hii huitwa riwaya ya picha, jina linaloipa heshima, lakini linaloacha katuni nyingine zote zikiwa duni.

Kutokana na mifano hii, inabainika kwamba istilahi moja imetwikwa mizigo mitatu. Mhakiki wa Kiswahili anayetafsiri seongin manhwa hana sababu ya kuirithi mizigo hiyo. Katuni za wasomaji wazima zaweza kutaja hadhira. Katuni zenye marufuku ya umri, amri ya sheria. Na katuni za ashiki, maudhui. Kazi moja yaweza kuingia katika makundi yote matatu, au katika moja tu. Vinginevyo, neno mzima litabaki kuwa pazia la mlango wa nyuma, nao Jang Geu-rae na Lee Ok-seon watakosa rafu ya kuwekwa katika maktaba zetu.