Walisema Ni Ugonjwa

Msimu ule wa miwa hapa Bumula niliutoboa mshipi wangu matundu mapya hadi ncha yake ikakaribia kufika mgongoni. Sokoni Kimaeti watu wakaanza kunisalimia kwa sauti ile ya kumsalimia mgonjwa. Ugonjwa wenyewe hawakuutaja. Kwetu mwanamume akikonda upesi haulizwi, huhukumiwa. Nikapima virusi, sina. Nikatoa makohozi, kifua kikuu sina. Sukari iko sawa. Majibu yalipokuwa mazuri namna hiyo uvumi ukahamia kwenye uchawi, na khocha, mjomba wangu, akashauri tutafute mbuzi twende kwa mganga. Mbuzi mwenyewe tungemtoa wapi?

Nilikuwa nakata miwa kwa malipo ya tani, na pesa zilikuja zilipotaka. Ilikuwa Juni. Mahindi ya mwaka uliopita yalikuwa yamekwisha, na yaliyo shambani yalikuwa na ndevu tu. Nikishika panga alfajiri, saa nne mikono inatetemeka na macho yanaona giza. Wenzangu walinipunguzia kazi ya kupakia, kisha wakaacha kuniita.

Mhudumu wa afya ya jamii anayezungukia maboma yetu ndiye aliyetupeleka kwa mtaalamu wa lishe. Dada huyo akanipima uzito na urefu, akachukua kalamu. "Baba, jana ulikula nini? Anzia asubuhi."

Asubuhi chai ya rangi, vijiko vitatu vya sukari. Mchana hakuna. Jioni ugali wa kilo moja ya unga kwa watu sita, na sukuma iliyoonjeshwa mafuta. Kilo ya unga wa mahindi ina kalori kama 3,600, kwa hiyo fungu langu lilikuwa 600. Jumla yote haikufika 800, ukiacha miwa niliyotafuna shambani, ambayo nadhani ndiyo iliyonizuia nisianguke.

Akageuza karatasi. Kilo zangu 54 mara 10. Urefu wangu, sentimita 172, mara 6.25. Toa miaka yangu 34 mara 5, kisha kwa mwanamume ongeza 5. Ikatoka 1,450. "Hizi ni za kulala kitandani tu, moyo upige na mapafu yavute hewa," akasema. Mtu wa kazi nzito huhitaji mara mbili ya hizo au zaidi. Ndivyo walivyokadiria wataalamu wa FAO na Shirika la Afya Duniani walipoketi Roma mwaka 2001. Mimi basi nilihitaji karibu 3,000. Nilikuwa nakata miwa kwa chakula kisichomtosha hata mtu aliyelala.

Sikuwa na pesa ya nyama, naye hakuitaja nyama. Alitaja njugu, ambazo udongo wetu wa kichanga unazipenda: gramu 100 zina kalori zaidi ya 550. Kijiko kikubwa cha mafuta kwenye mboga, 120. Uji wa wimbi wenye maziwa na njugu za kusaga. Viazi vitamu nivile kabla ya kushika panga, vingine nivifunge niende navyo shambani.

Mama watoto alikuwa kando akimnyonyesha kitinda mimba. Dada akamgeukia. Anayenyonyesha, miezi sita ya kwanza, huhitaji kama kalori 500 juu ya mahitaji yake ya kila siku. "Na wewe mama, jana?" Akacheka, akasema alikula ukoko. Ukoko huo alikuwa akiwaambia watoto kwamba ndio anaoupenda.

Tukaanza kumpakulia yeye kwanza, jambo lililomshangaza khocha kuliko habari zote za kalori. Kilo zangu zilirudi kufikia mavuno, na uvumi ukapata mtu mwingine. Zake zilichelewa. Jioni mimi naweka panga chini, yeye anabeba mtungi kwenda mtoni, na ule mlima wa kurudi nao ilibidi tuuingize kwenye hesabu.