Tusiharakishe Kumgeuza Mtoto

Wako wazazi wazihesabuo hatua za mtoto kwa pupa: ameketi, ametambaa, amesimama dede. Mimi ni mmoja wao. Hivyo mwanangu alipotimiza mwaka mmoja na miezi miwili, niliona wakati umewadia wa kukigeuza kiti chake cha gari, naye atazame mbele kama sisi.

Sababu hazikukosekana. Alilia kila tulipoondoka nyumbani. Miguu yake iligusa mgongo wa kiti cha gari, akaikunja. Tena mama yangu alipotutembelea aliniuliza, "Mwanangu, mjukuu wangu amefanya kosa gani hata mmwelekeze ukutani?" Mke wangu alishauri tungoje. Sikumsikiliza; nikakigeuza.

Jumapili iliyofuata tulisafiri kwenda Morogoro. Tulipokaribia Mlandizi, basi dogo lililokuwa mbele yetu lilisimama ghafla kuchukua abiria. Nilikanyaga breki kwa nguvu zangu zote. Hatukugonga kitu. Lakini katika kioo nilikiona kichwa cha mwanangu kikitupwa mbele, hali mabega yameshikwa na mikanda, mfano wa papai zito katika kikonyo chembamba. Alilia kidogo, kisha akanyamaza, hakuumia. Mikono yangu ilitetemeka hadi Chalinze.

Usiku ule ndipo niliposoma yale yaliyonipasa kuyasoma kabla. Kichwa cha mtoto mchanga ni kama robo ya urefu wa mwili wake, na mifupa ya shingo yake haijakomaa. Gari likigonga kwa mbele, mtoto atazamaye mbele hushikwa kiwiliwili na mikanda, kichwa kikaendelea na safari, na shingo peke yake ndiyo ikizuie. Atazamaye nyuma hupokewa na mgongo wa kiti: kichwa, shingo na uti wa mgongo hubeba kishindo kwa pamoja. Ama miguu kukunjwa, haimdhuru.

Waswidi walilitambua jambo hili tangu miaka ya 1960, na wengi wao huwaacha watoto watazame nyuma hadi kiasi cha miaka minne. Madaktari wa watoto wa Marekani walitaja umri wa miaka miwili mwaka 2011. Mwaka 2018 waliacha kutaja umri. Mtoto na atazame nyuma, walisema, mpaka afikie kikomo cha uzito au urefu kilichowekwa na watengenezaji wa kiti chake. Wala kiti hicho kisiwekwe kamwe mbele ya mfuko wa hewa unaofanya kazi.

Kiti chetu kimeandikwa kilo 18. Mwanangu ana kilo 11. Kabla ya kurudi Dar es Salaam nilikirudisha kilivyokuwa, na mke wangu hakuniambia neno.

Najua, msomaji, kwamba wengi wetu hupanda daladala na mtoto mapajani, na kwamba kiti hiki ni bahati. Kwa sababu hiyo hiyo, aliyebahatika kukipata asipunguze faida yake kwa haraka zake mwenyewe.

Mama alipokuja tena nilimweleza yote. Alisikiliza, kisha akaenda kuketi nyuma, kando ya mjukuu wake, wakatazamana njia nzima. Siku ile mtoto hakulia.