Kaloleni: Mtaa Ambako Chema Chajiuza

Nairobi ina mitaa ya kila aina, ya matajiri na ya makabwela, lakini si mingi ambako mgeni anaweza kuingia asubuhi akitafuta fundi wa mifereji, na ifikapo saa nne awe ameshaonyeshwa mlango wa fundi huyo, ameambiwa anatoza pesa ngapi, nyumba gani aliitengeneza ikakaa sawa na ipi aliivuruga. Tena ataonywa, bila kuuliza, kwamba asimlipe pesa zote kabla ya kazi kumalizika. Mtaa wa Kaloleni ni mmoja wa hiyo michache.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kufika huko, safari si ndefu. Panda matatu yoyote inayopita barabara ya Jogoo kuelekea Eastlands, ushuke karibu na uwanja wa City, kilomita tatu hivi kutoka katikati ya jiji. Hapo utasikia kelele za soko la Burma, maarufu kwa nyama, na honi za magari yanayogombania njia. Ukishaacha barabara kuu na kupiga hatua chache kuingia ndani, kelele zinapungua. Unajikuta kati ya nyumba fupi za mawe zilizoezekwa kwa vigae, miti mikubwa yenye vivuli, na vijia vinavyopita mbele ya milango ya watu.

Hivyo vijia ndivyo vinavyohusika na makala haya. Katika Kaloleni ni vigumu kutoka nyumbani kwako hadi dukani bila kupita mlangoni pa mtu. Nako kupita mlangoni pa mtu bila salamu ni kuvunja adabu. Salamu huzaa swali, swali huzaa habari. Kabla hujafika dukani umeshajua maji yatakatika lini, mtoto wa nani amefaulu mtihani, na nani anauza kitanda kwa sababu anahamia mashambani.

Mtaa uliochorwa kama bustani

Mambo hayo hayakutokea kwa bahati tu. Kaloleni ilijengwa na serikali ya mji ya wakati wa ukoloni katika miaka ya 1940, enzi za Vita vya Pili vya Dunia na baada yake. Kabla ya hapo makao mengi yaliyotengewa Waafrika mjini Nairobi yalikuwa ya mwanamume peke yake, aliyetakiwa kufanya kazi, alale, na siku moja arudi kwao. Kaloleni ilikuwa miongoni mwa mitaa ya kwanza kujengwa kwa ajili ya Mwafrika pamoja na mkewe na watoto.

Waliouchora waliazima mawazo kutoka Ulaya na Marekani. Mwingereza Ebenezer Howard alikuwa ameandika mwaka 1898 kuhusu miji yenye bustani, na mwaka 1929 Mmarekani Clarence Perry alieleza jinsi mtaa unavyofaa kupangwa ili watoto waende shule na wazazi wakutane bila kuvuka barabara kubwa. Mawazo kama hayo yaliingia pia katika mpango mkuu wa mji wa Nairobi wa mwaka 1948. Ndiyo maana nyumba za Kaloleni hazikupangwa kwa mstari mmoja kama mabehewa ya gari la moshi. Zimezunguka viwanja vya wazi, na katikati ya mtaa upo ukumbi wa kijamii.

Ukumbi huo una historia yake. Katika miaka ya 1950, Waafrika walipokuwa wakidai uhuru, ulikuwa miongoni mwa kumbi za Eastlands zilizojaa watu waliokuja kusikiliza siasa. Ilikuwa enzi ya Tom Mboya na wakili Argwings-Kodhek, ambao mwaka 1957 walishindania kiti cha Nairobi katika Baraza la Kutunga Sheria, Mboya akashinda. Mwenyeji wa Kaloleni wa siku hizo hakuhitaji kusimuliwa habari za siasa na gazeti peke yake. Alizifuata kwa miguu, akarudi nazo kibarazani, zikachambuliwa hadi taa kuzimwa.

Soko la maneno

Kila mtaa una vituo vyake vya habari, na Kaloleni si tofauti. Kipo kibanda cha kinyozi, ambako mpira na siasa havikosi. Yupo mama mboga, ambaye kwa kuwa kila nyumba hununua sukuma wiki kwake, anajua nyumba gani ina mgonjwa na nyumba gani imepata wageni. Yupo fundi viatu chini ya mti, na yupo muuza makaa. Watu hawa hawalipwi kwa kazi ya kueneza habari, lakini wakifunga siku mbili tu mtaa mzima huona giza.

Sikiliza jinsi biashara ya mapendekezo inavyoendeshwa. Mama aliyeajiriwa mjini anatafuta msichana wa kumlelea mtoto. Hatabandika tangazo. Atamwambia jirani, jirani atamwambia wa kanisani, na kabla ya Jumapili nyingine atakuwa ameletewa jina. Pamoja na jina hilo ataletewa jambo lenye thamani zaidi, nalo ni dhamana. Aliyempendekeza msichana anaishi nyumba ya tatu kutoka hapo. Mambo yakienda kombo, atakutana na macho ya jirani yake kila asubuhi anapoenda kuteka maji.

Hapo ndipo ilipo siri ya mtaa kama huu. Mtu yeyote anaweza kusifu fundi. Lakini anayesifu fundi mbele ya watu atakaoishi nao miaka 20 ijayo hupima maneno yake kwanza. Naye fundi, akijua kwamba lazima apite mbele ya nyumba aliyoitengeneza ili afike kwake, hawezi kuacha bomba likivuja na kwenda zake akilala usingizi. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kaloleni methali hiyo ni kanuni ya biashara. Fundi mzuri hahitaji kubisha hodi, huitwa. Mbaya ndiye unayemwona akizunguka na mkoba wake katika mtaa wa mbali ambako hajulikani.

Msiba unapobisha

Kupata fundi wa mfereji ni jambo dogo. Siku ujirani unapopimwa sawasawa ni siku ya kifo.

Familia nyingi za Eastlands zina mashamba yao mbali na Nairobi, wengi wakiwa na kwao Nyanza na Magharibi. Mtu akifariki dunia jijini, desturi ya wengi ni kumpeleka nyumbani akazikwe kati ya wazee wake. Hiyo ni safari ya mamia ya kilomita, nayo inahitaji jeneza, gari, chakula cha waombolezaji na malipo ya chumba cha maiti. Si wengi walio na pesa hizo mkononi.

Basi habari hutoka mlango hadi mlango. Jioni viti hutolewa nje, kamati huchaguliwa, na daftari hufunguliwa. Mmoja anajua mwenye basi anayekodisha kwa bei ya huruma. Mwingine anamjua seremala asiyewaumiza wafiwa. Wa tatu amewahi kupitia hospitali hiyo na anajua karatasi zipi zinatakiwa na dirisha lipi huanza nalo. Mfiwa ambaye asubuhi hakujua aanzie wapi, usiku hulala akijua kila hatua ya kesho. Tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, mchango hutumwa kwa simu hata na aliye mbali, lakini kazi ya kukaa na mfiwa bado haijapata njia ya mkato. Fimbo ya mbali haiui nyoka.

Ulimi una makali mawili

Itakuwa ni kuwadanganya wasomaji kusema kwamba kujulikana na majirani ni raha tupu. Msichana anayerudi nyumbani usiku hujibu maswali ya milango saba kabla ya kufika kwao. Kijana aliyefungwa mwaka mmoja kwa kosa la utotoni hubaki na jina hilo hata baada ya kuwa baba mwenye kazi. Na uvumi haukosi. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja, walisema wahenga, lakini wapo walioachwa na waume na waliopoteza kazi kwa ajili ya jambo ambalo halikuwepo wala halikuja.

Historia ya Eastlands ina funzo chungu zaidi. Tarehe 24 Aprili 1954, katika siku za Hali ya Hatari, majeshi ya Waingereza yaliuzingira mji wa Nairobi katika msako ulioitwa Operesheni Anvil. Maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru walikamatwa na kupelekwa kwenye kambi za kizuizini. Watu walipitishwa mbele ya wapelelezi waliofunikwa magunia kichwani, yakiwa na matundu ya macho tu. Wakikuyu waliwaita gakunia. Gakunia alipotikisa kichwa, mtu alikwenda kizuizini. Huyo chini ya gunia aliweza kuwa mtu unayemfahamu vizuri.

Tazama tofauti iliyopo. Jirani anayekuambia fundi gani ni mwizi husema uso wake ukiwa wazi, na ukimwona amekosea utamjibu. Gakunia alisema bila uso wala sauti, na hakuna aliyeweza kumjibu. Huenda ndiyo sababu serikali ilipoleta mpango wa Nyumba Kumi mwaka 2013, ikiiga mfumo wa mabalozi wa nyumba kumi wa Tanzania, wananchi wengi waliupokea kwa mashaka. Kujuana na jirani hawakukataa, kwa kuwa walikuwa wakijuana tayari. Waliogopa kujulishwa kwa mtu ambaye hawamwoni.

Maghorofa na daftari lisiloandikwa

Leo mitaa ya zamani ya Nairobi inatazamwa kwa jicho jingine. Nyumba ni za kaunti, mabomba yamechoka, na viwanja vingi vilivyoachwa wazi vimejaa vyumba vya mabati vilivyoongezwa na wapangaji. Jiji limekua, watu hawana pa kulala, na ardhi iliyo karibu na mjini ni dhahabu. Mpango wa kuvunja mitaa mikongwe na kujenga maghorofa umekwisha anza kwingineko. Pangani, familia 48 zilihama kupisha mradi wa nyumba zaidi ya 1,500.

Mwandishi huyu hapingi maghorofa. Anayetaka watu waendelee kupanga foleni chooni ili wageni wafurahie vigae vya zamani, hajawahi kupanga foleni hiyo. Lakini ghorofa jipya lina mlango unaotazama ukuta, na ngazi ambayo watu huipanda mbiombio wakiangalia chini. Familia iliyohamishwa huhesabiwa vyumba ilivyokuwa navyo. Hakuna anayehesabu kwamba ilimjua fundi, mkunga, mwenye basi, na jirani wa kumwachia mtoto. Daftari hilo halikuandikwa popote. Likipotea, familia huanza ukurasa wa kwanza, mara nyingi kwa kutapeliwa.

Wapangaji wa mitaa waliojenga Kaloleni, pamoja na ubaguzi wa enzi zao, walielewa kwamba watu wanahitaji mahali pa kukutana bila mwaliko. Wanaojenga leo wanaweza kutenga hayo hayo kwa gharama ndogo: ukumbi chini ya ghorofa, benchi chini ya mti, nafasi ya mama mboga na kinyozi ndani ya lango badala ya kuwafukuza ng'ambo ya barabara, na majirani wa zamani kuwekwa ngazi moja wanaporudi.

Nawe msomaji unayeishi katika jengo ambalo hujui jina la wa mlango wa pili, huna haja ya kungoja kaunti. Anza na jambo dogo. Muulize anakonunua maziwa yasiyotiwa maji. Kesho mwambie wewe nani alikurekebishia kufuli bila kukuibia. Ukisifu mtu, sifu kwa jina lako, na ukikosoa, kosoa kwa uso wako. Baada ya miezi michache utashangaa kuona kwamba hata wewe unapokawia kurudi, kuna mtu anayechungulia dirishani akiuliza kama u salama.