Fisi wa Blanketi

Fisi wetu wa kwanza alikuwa rafiki yangu, amejifunika blanketi la kijivu tulilolipaka madoa ya mkaa. Ilikuwa mwaka 2007, Bariadi ikiwa bado wilaya ya mkoa wa Shinyanga, nasi tukiwa kidato cha tatu. Steven Kanumba, nyota wa filamu, alizaliwa Shinyanga. Kama yeye kaweza, sisi nani wa kutuzuia?

Kamera tuliazima kwa mpiga picha za harusi pale mjini, tuliyemwita Fundi. Ilitumia mikanda midogo ya Mini-DV, na mkanda wa dakika 60 ulichukua dakika 60 zilezile kuhamia kwenye kompyuta. Saa moja ya picha ilikula karibu gigabaiti 13. Diski ya Fundi ilikuwa ya gigabaiti 40, tena imejaa harusi za watu. Tulikaa tukisubiri bibi harusi wa Jumamosi apewe sidii yake, ndipo afutwe tupate nafasi.

Hadithi yenyewe ilikuwa fupi. Msichana anatoka kwa shangazi yake usiku, anakatiza shamba la pamba, fisi anamfuata. Usukumani mtoto hahitaji kuelezwa zaidi ya hapo, maana amekwisha kusikia habari za fisi mwenye mwenyewe, anayetumwa. Tulitengeneza mwanzo tu wa filamu, kwa kuwa hela iliishia hapo, na mwanzo huo ulikuwa wa dakika saba. Majina peke yake yalikula dakika mbili, likiwemo la aliyetununulia soda. Ndivyo tulivyozoea kwenye kibanda umiza: muziki haunyamazi, na stelingi lazima umwone mapema ili ujue nani hafi.

Fundi naye alikuwa mtu wa harusi. Kila palipokutana vipande viwili aliweka madoido: picha inajikunja kama ukurasa, picha inazunguka, picha inapasuka kuwa mioyo. Ndiyo, mioyo. Fisi wetu aliingia kwenye filamu akitokea ndani ya mioyo myekundu, na hakuna kati yetu aliyeona tatizo. Usiku wa kurenda, kompyuta ikiunganisha vipande kuwa filamu moja, umeme ukakatika kazi ikikaribia kuisha, tukaanza upya asubuhi. Tulipoionyesha nyumbani, mama alicheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya kanga.

Miaka ikaenda. Mwaka 2012 Simiyu ikamegwa kuwa mkoa, Bariadi ikiwa ndani yake, na Aprili 7 mwaka huohuo Kanumba akafariki. Fundi akauza kamera ya mikanda, akanunua ya kadi. Kibanda umiza kikawa pa kuoshea bodaboda.

Mwanzoni mwa 2025 zikavuma habari za fisi waliouawa mkoani kwetu wakakutwa na alama miilini, kama waliopigwa chapa na binadamu. Mambo ya blanketi yakakosa ladha ya kuchekesha. Mwaka huohuo mpwa wangu, mwanafunzi wa chuo, akaja likizo na kazi ya darasani: atengeneze mwanzo wa filamu ya kutisha, usiozidi dakika mbili.

“Mjomba, fisi haonekani,” aliniambia.

“Haonekani vipi, na filamu ni ya fisi?”

“Anasikika.”

Alipiga picha mwishoni mwa Agosti, kwenye shamba la njia ya Nyakabindi, kwa simu. Aliharakisha, maana kufikia katikati ya Septemba wakulima hutakiwa wawe wameng'oa masalia ya pamba na kuyachoma. Alitaka mabua makavu kwa ajili ya sauti. Alirudi peke yake kuirekodi, simu ameivalisha soksi kuzuia upepo, akatembea, akasimama, akatembea.

Kuhariri alihariri ukumbini kwetu, kwenye CapCut, simu ikichaji. Msichana anatembea, mabua yanavunjika: krr, krr, krr. Anasimama. Mabua yanavunjika mara moja zaidi.

Ubishi wetu wote ulikuwa hapo. Yeye aliruka papo hapo kwenda kwenye uso wa msichana. Nikamwambia anaiba hofu ya mtazamaji kabla haijaiva. Abaki kwenye mgongo wake kidogo. Tukaongeza fremu sita, hamna kitu. Tukaongeza kumi na mbili. Tulipofika kumi na nane, zaidi kidogo ya nusu sekunde kwa simu yake, akaacha kubisha.

Kwenye muziki alinishinda. Nilimtajia filamu ya Hitchcock, Psycho, ya mwaka 1960: mwenyewe alitaka tukio la bafuni lisiwe na muziki, mtunzi wake Bernard Herrmann akamwandikia wa fidla, akakubali yaishe. Mpwa akauweka muziki, tukasikiliza, akaufuta bila kuniuliza. Yakabaki mabua, na mbwa akibweka mbali. Sidhani Herrmann angepata pa kuingilia.

Jina la filamu lilitokea mwishoni, sekunde tatu. Majina ya watu hayakuwepo kabisa, hata langu, na kusema kweli iliniuma.

Mama alitazama simu ameishika kwa mikono miwili, miwani kwenye ncha ya pua. Hakucheka. Ilipoisha alimrudishia mjukuu wake simu, akainuka, akaenda kusukuma komeo la mlango. Ilikuwa saa kumi jioni, jua bado kali uani.