Radi Tuliyoifanya kwa Mikono Yetu

Kwetu sisi watu wa Kivu radi si mgeni. Mwaka 2016 wataalamu wanaohesabu radi kwa setilaiti walitangaza kwamba mahali pa kwanza duniani kwa wingi wa radi ni ziwa Maracaibo la Venezuela. Katika Afrika ni Kabare, papa hapa kwetu. Ndiyo maana majira ya mvua hutuletea matanga. Na baada ya matanga huja neno baya kuliko radi yenyewe: «Nani ameituma?»

Swali hilo limewafukuza wazee wengi nyumbani mwao. Sisi, walimu wawili, fundi mmoja wa umeme na vijana sita wa parokia, tulikuwa tumechoka kulijibu kwa maneno matupu. Mwaka 2018 tuliazimu kulijibu kwa mikono: tufanye radi ndogo mbele ya macho ya watu, ili kila mmoja aone inatokana na nini.

Mashini ya namna hiyo huitwa koili ya Tesla. Bwana Nikola Tesla alizaliwa mwaka 1856 katika kijiji cha Smiljan, nchi iitwayo leo Kroatia, naye baba yake alikuwa padri wa Kiorthodoksi. Alihamia Marekani, na mwaka 1891 akabuni koili yake. Mwaka 1899, huko Colorado Springs, alijenga moja yenye upana wa mita 15 hivi. Yetu mbele ya ile ni mtoto mchanga, ingawa inampita mtu mzima kwa kimo.

Kwanza tulitafuta bomba la plastiki lenye upana wa sentimeta 20. Tukalizungushia waya mwembamba wa shaba, ule ambao mafundi huutumia kutengeneza mota zilizoungua. Mmoja aligeuza bomba, mwingine aliongoza waya kwa kidole, wa tatu alihesabu. Mizunguko 1,500, mmoja kando ya mwenzake, bila kupandana! Jioni nne zilipita. Waya ule ukinyoshwa ungepita mita 900. Kisha tukaupaka vanishi, na bomba tukalisimamisha kama mshumaa wa Pasaka. Chini yake tulilaza bomba jembamba la shaba, mizunguko 10, kama nyoka aliyejikunja. Juu kabisa tuliweka mpira wa ndani wa gurudumu uliojazwa hewa na kufunikwa kwa karatasi ya alumini.

Ghala la umeme tulilifanya kwa chupa 60 za bia. Watu walipoona kasha tano zinaingia uani walidhani kuna arusi. Tulizijaza maji ya chumvi na kuzisimamisha ndani ya mabeseni ya maji ya chumvi. Kioo cha chupa hutenga maji ya ndani na ya nje, na umeme hujikusanya pande zote mbili. Tesla mwenyewe alitumia chupa za maji ya chumvi. Umeme wa kuzijaza ulipitia transfoma nne zilizotoka katika matangazo ya taa za neoni. Hizo huchukua volti 220 za nyumbani na kuzipandisha mpaka 10,000.

Inafanyaje kazi? Fikirini kengele ya parokia. Ni nzito, lakini mtumishi wa misa mwenye miaka kumi huipiga. Je, ni kwa nguvu zake? Hapana, ni kwa kuvuta kamba kwa wakati wake, kila kengele inaporudi. Ndivyo ilivyo hapa. Chupa zikijaa, umeme huruka katika nafasi ndogo kati ya vipande vya shaba, ukaenda na kurudi katika bomba la chini mara 90,000 hivi kwa sekunde moja. Waya wa juu nao una mwendo wake. Mienendo hiyo miwili ikipatana, kila msukumo huongeza mwingine, mpaka hewa yenyewe inashindwa kuuzuia umeme. Isipopatana, hupati kitu. Siku mbili nzima tulisogeza kiungo cha chini, kidogo kidogo, mpaka vikapatana.

Lakini sikilizeni vizuri: kazi hii si mchezo. Umeme wa transfoma na wa chupa huua papo hapo, nazo chupa hushika umeme hata mashini ikiwa imezimwa. Kwa hiyo fundi peke yake aliwasha na kuzima. Kabla ya mtu kugusa kitu, alichomoa waya ukutani, kisha akaunganisha pande mbili za chupa kwa fimbo ndefu yenye waya. Tulipigilia vyuma vinne vya shaba katika udongo wenye unyevu, tukazungushia kamba kwa umbali wa mita sita. Vijana, msijaribu bila mtu aliyesomea umeme.

Usiku wa kuiwasha, umeme wa Ruzizi ulikuwapo, na kiwanja kilijaa. Tukasikia mlio kama wa nguo mpya inayopasuliwa, mkali hata tukaziba masikio. Miali ya zambarau ikatoka juu, mita moja na zaidi, ikitawanyika kama mizizi ya mti. Akina mama wakafanya ishara ya msalaba. Fundi akazima, tukaweka karibu vijumba viwili vya udongo, kimoja kikiwa na waya wa shaba uliosimama juu ya paa na kushuka mpaka ardhini. Akawasha tena. Miali ikaufuata ule waya, kila mara.

Kati ya watazamaji alikuwapo mzee mmoja mjane. Msimu ule radi ilikuwa imeua ng'ombe wawili wa jirani yake, na watu walikuwa wamelitaja jina lake. Yule jirani akauliza kwa sauti: «Ng'ombe wangu walisimama chini ya mti mrefu. Mti ni kama waya ule?» Tukamjibu: «Ndiyo, baba. Radi hutafuta njia ya kushuka ardhini. Haijui jina la mtu.» Akanyamaza muda mrefu.

Ndipo kijana mmoja akasema: «Kama ninyi mmeweza kuifanya, basi na mchawi anaweza kuituma!» Swali hilo ni la akili, nasi hatukulicheka. Tukamwambia: «Hesabu mwenyewe. Waya wa mita 900, chupa 60, transfoma nne, na umeme wa Ruzizi. Na bado haikufika kwenye kamba. Nani ataficha vitu hivyo chini ya kitanda chake, na kupiga nyumba iliyo ng'ambo ya mlima?»

Hatusemi kwamba masingizio yalikwisha usiku ule. Twasema tu kwamba hakuna aliyekwenda kwa mzee kudai fidia ya ng'ombe.

Wala tusidhani ni ujinga wa Waafrika peke yao. Mwaka 1754 padri Prokop Diviš, paroko wa Přímětice katika Moravia, alisimamisha mashini ya vyuma vyenye ncha ili kutuliza radi. Ukame ulipokuja, wakulima walisema padri ndiye aliyefunga mvua, wakaivunja mashini yake. Hofu hutafuta mtu wa kulaumiwa, hata akiwa paroko.

Basi, ndugu, radi ni kiumbe cha Mungu chenye sheria zake, kama maji yanavyofuata mteremko. Mvua ikinguruma, ondokeni chini ya mti, tokeni ziwani na shambani, ingieni nyumba imara. Tuchange franka ili shule zetu na makanisa yetu yawe na chuma cha kukinga radi. Na amri ya nane inatukataza kumsingizia mwenzetu. Anayemtaja mzee asiye na kosa anatupa radi nyingine, na hiyo haina chuma cha kuikinga.