Neema, usiiache Fizikia

Kimara, Dar es Salaam

Mpwa wangu Neema,

Barua yako niliisoma mbele ya bibi, akafurahi kusikia umeshaizoea haiskuli na baridi ya huko. Ila kuna jambo limenifanya nikujibu leo leo. Umeandika kwamba Fizikia ikizidi kukusumbua utaiacha iende inavyokwenda, utakaza Kemia na Hisabati, mradi divisheni isishuke. Hapo, mwanangu, sikubaliani nawe hata kidogo.

Unataka uhandisi wa ujenzi pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Chuo hakitakuuliza divisheni. Kitatazama Hisabati, kisha Fizikia, kuona kama kote umepata ufaulu kamili, ule mnaouita prinsipo, A hadi E. Fikiria mwanafunzi wa PCM aliyepata B ya Kemia, C ya Hisabati na S ya Fizikia. Kwa hesabu ya Baraza la Mitihani, NECTA, ambako A ni pointi 1 na F ni 7, ana 2, 3 na 6. Jumla 11, divisheni ya pili. Nyumbani watampikia pilau. Lakini S si prinsipo, na uhandisi ameukosa.

Kwa Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, hesabu inageuka: A ni 5, B 4, C 3, D 2, E 1. Kiwango cha chini cha kuingia shahada ya kwanza ni prinsipo mbili zenye jumla ya pointi 4. Huyo mwanafunzi ana 7, kwa hiyo zipo kozi zitakazompokea, ila si ile aliyoitaka tangu kidato cha pili. Na hizo pointi 4 zisikulaze usingizi. Kwenye vyuo vya umma kozi zinazokimbiliwa hupata waombaji wengi kuliko nafasi, na wanaochukuliwa huwa juu ya kiwango hicho.

Mwongozo wa TCU hutoka kila mwaka na unapatikana bure kwenye tovuti yao. Mwombe mwalimu wa taaluma akuonyeshe, usome sifa za kozi unazozitaka neno kwa neno, maana nyingine hurudi nyuma hadi kidato cha nne. Rafiki yako wa HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza) anayetaka biashara, kwa mfano, huenda akatazamwa Hisabati ya kidato cha nne. Mwambie mapema.

Sasa Fizikia yenyewe. Ina karatasi tatu, na ya tatu ni ya vitendo. Usingoje muhula wa mwisho ndipo uanze kushika vifaa. Omba kuingia maabara jioni na wenzako, mrudie jaribio hadi kila mmoja aweze kulifanya peke yake na kuchora grafu yake. Mada za kidato cha tano zirudie sasa, zingali mbichi kichwani. Kukariri desa la mwaka jana hakutakusaidia swali likigeuzwa.

Jambo jingine ni la karatasi, na wengi hulidharau. Kidato cha sita mtafanya mtihani Mei, kisha kuna JKT, na matokeo hutoka mara nyingi Julai. Maombi ya chuo na ya mkopo wa HESLB huangukia humo humo, wakati wewe uko kambini unakimbia mchakamchaka. Cheti cha kuzaliwa lazima kiwe kimehakikiwa na RITA kabla ya kuomba mkopo, na majina yafanane na ya cheti cha kidato cha nne. Cha kwako cha shule kina jina la babu, cha kuzaliwa hakina. Nimeshaongea na baba yako, tutalishughulikia ukija likizo ya Desemba, usiache kuja na nakala.

Nakuomba uniandikie kozi tatu unazozitaka na sifa zake kama zilivyo kwenye mwongozo. Chini yake weka alama zako za Fizikia za muhula huu, jinsi zilivyo, bila kuongeza.

Shangazi yako akupendaye