Mbio za Nyika: Aliye Nyuma Naye Huhesabiwa

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba wake. Ama baad.

Sisi walimu tunaosimamia mbio za nyika hapa madrasani tumeombwa tuseme machache, kwani wazazi wengi hutuuliza: kuna haja gani chuo cha Qur'ani kufundisha watoto kukimbia? Saa hizo zisingefaa zaidi katika kuhifadhi? Swali hili ni la haki, na makala haya ni jibu letu.

MBIO SI JAMBO GENI KATIKA DINI

Mtume (S.A.W.) alishindana mbio na Bibi Aisha (R.A.) wakiwa safarini. Mara ya kwanza Bibi Aisha alishinda, na baadaye, alipokuwa ameongezeka mwili, Mtume akamshinda, akamkumbusha kwa upole kwamba sasa wamelipana. Naye sahaba Salama bin Akwa'i (R.A.) alijulikana kwa kasi ya miguu yake, hata akawafukuza kwa miguu maadui walioiba ngamia wa Mtume. Kwa hiyo mwenye kukimbia kwa nia njema na kwa adabu hajatoka nje ya njia.

HESABU YA MBIO ZA NYIKA

Mbio hizi si kama zile za uwanjani. Mtoto hupita kwenye nyasi, mchanga, matope na vilima. Tena zina hesabu yake. Wa kwanza kufika hupata alama 1, wa pili 2, wa thelathini 30. Alama za wakimbiaji wanaohesabiwa katika kila timu hujumlishwa, na timu yenye jumla ndogo ndiyo inayoshinda.

Tuchukue mfano wa timu mbili, kila moja ikihesabiwa watu wanne. Timu moja imeshika nafasi ya 1, 2, 20 na 37; jumla yake ni 60. Nyingine imeshika nafasi ya 9, 11, 13 na 15. Jumla yake ni 48. Hii ya pili imeshinda, ingawa hakuna hata mmoja wao aliyefika miongoni mwa wanane wa mwanzo! Ndipo tunapowaambia vijana wetu: mwenye kasi asijione, na mzito asikate tamaa. Imamu naye ameamrishwa asirefushe swala, kwa kuwa nyuma yake wamo wanyonge, wagonjwa na wenye haja zao. Anayeongoza watu lazima amjue aliye nyuma kabisa.

JUA LA KASKAZI

Tatizo letu kubwa ni joto. Msimu wa mbio za nyika hapa Kenya huangukia miezi ya kaskazi, wakati pwani ina joto kali na hewa nzito. Walio wakubwa watakumbuka tarehe 24 Machi 2007, mashindano ya dunia ya mbio za nyika yalipofanyika hapa Mombasa, katika uwanja wa gofu. Baadhi yetu tulikuwa bado wanafunzi. Kenenisa Bekele wa Ethiopia, bingwa wa miaka mitano mfululizo, alisimama katika mzunguko wa mwisho na hakumaliza. Zersenay Tadese wa Eritrea ndiye aliyeshinda. Ikiwa joto letu lilimsimamisha bingwa kama yule, itakuwaje kwa mtoto wa miaka 12?

Kwa hiyo tunafanya mazoezi Jumamosi na Jumapili baada ya swala ya Alfajiri, na saa moja na nusu kila mtu amekwisha kunywa maji na kukaa kivulini. Saa mbili wako darasani. Ramadhani zilizopita karibuni zimeingia katika miezi hii hii. Ile ya mwaka 1446 ilianza mwanzoni mwa Machi 2025. Katika mwezi huo hatukimbii. Udhuru wa kula mchana uliotajwa ni ugonjwa na safari, na mashindano hayamo. Vijana hunyoosha viungo kidogo karibu na Magharibi, basi.

WASICHANA WETU

Wasichana wana mwalimu wao wa kike na wakati wao, ndani ya uwanja wenye ukuta. Huvaa suruali pana, kanzu nyepesi inayopita magoti, na hijabu iliyofungwa vizuri isiyobana shingo. Wako wazazi waliokataa, nasi tunaheshimu uamuzi wao. Waliokubali huja kutuambia kwamba binti aliyekuwa akilalamika uchovu kila siku sasa huamka mwenyewe. Sifan Hassan, Muislamu anayeikimbilia Uholanzi, alishinda marathoni ya Olimpiki mjini Paris mwaka 2024 na akapokea medali yake amevaa hijabu. Wasichana wetu wanalijua jina hilo, na wanalitaja kwa fahari.

SIKU YA KUCHAGUA

Kazi ya mkufunzi inaonekana kama ni kupiga filimbi na kupiga kelele. Kwa kweli sehemu iliyo ngumu ni kumzuia mtoto asikimbie.

Mwaka jana tulishindana na vyuo jirani. Kila chuo kilileta vijana sita, na wanne wa mwanzo wao ndio waliohesabiwa. Kijana wetu mwenye kasi kuliko wote alikuja macho mekundu na mwili una moto. Alisema ni baridi tu. Tulimgusa paji la uso, tukamvua namba. Baba yake, aliyefunga duka lake ili aje kutazama, alikasirika mbele za watu. "Maalim, mwanangu amejitayarisha miezi mitatu, nyinyi mnamkalisha kwa kihoma?" Tulimjibu kwa heshima: "Mzee wetu, mtoto ni amana. Ulitupa mzima, nasi tunataka kukurudishia mzima." Hakuridhika. Alimchukua mwanawe akaondoka.

Basi hesabu yetu ikamwangukia kijana ambaye siku zote alikuwa wa tano kati ya wenzake, mnene kidogo, aliyezoea kutaniwa. Sasa alikuwa wa nne, na mtu wa nne huhesabiwa. Mzunguko wa mwisho alishikwa na kichomi, akainama, akashika ubavu. Wenzake watatu walikuwa wamekwisha kumaliza, wakarudi mbio pembeni ya njia wakimwita kwa jina. Akainuka. Katika mita mia za mwisho akawapita wawili. Tulipojumlisha, tulikuwa wa tatu, kwa tofauti ya alama moja tu. Wale wawili aliowapita ndio waliotupandisha.

Yule mgonjwa alipimwa jioni ile, akakutwa na malaria. Baba yake hakutuambia neno. Lakini alipopona, ni yeye mwenyewe aliyemleta mazoezini, na tangu hapo humleta kila Jumamosi.

TULICHOVUNA

Hatudai kwamba miguu yenye kasi huhifadhisha Qur'ani. Kanuni yetu ni moja: asiyesoma darsa lake la wiki hakimbii. Lakini tumeona vijana ambao zamani hawakujulikana msikitini Alfajiri, na sasa wamo katika safu. Tumeona wenye kasi wakimngoja mzito bila kuambiwa. Na yule kijana wa nne, akikwama katika sura ndefu, hafungi tena msahafu. Hupumua, akarudia aya.

NASAHA KWA WAZAZI NA WANAFUNZI

1. Mtoto anywe maji tangu usiku, na asije mazoezini na njaa.
2. Mwenye homa, kuharisha au pumu atuambie. Kuficha si ushujaa.
3. Raba za zamani zinatosha, maadamu hazibani.
4. Mzazi akija kutazama, amshangilie na wa mwisho.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu awape watoto wetu afya, elimu yenye manufaa na subira, na atujaalie sisi walimu kuwa waaminifu katika amana hii. Amin.

Wabillahi tawfiq.